Chaja kwa Maksai Wawili

Dada yangu alitaka kuuza maksai wake wawili anunue chaja ya pikipiki za umeme. Pikipiki hizo zilikuwa zimeanza kuonekana Bariadi, na madereva walikuwa wakiulizana pa kuchaji. Dada ana duka kando ya barabara ya Lamadi, lina umeme na kivuli. Aliona biashara. Mimi niliona kwamba mvua ziko karibu, na maksai hao ndio pekee wanaovuta plau shambani kwake.

"Njoo uitazame, kaka," aliniambia. "Umeme unaujua wewe."

Ninaujua kiasi, kwa vitabu vikuukuu na kwa kufungua vitu vilivyokufa.

Muuzaji alitoka Mwanza na pikapu, pikipiki ya maonyesho imefungwa nyuma. Alitusalimu "mwangaluka", salamu ya asubuhi, jua likiwa limeshapita utosi. Hilo nilimsamehe, ila nilianza kumtazama mikono.

Alichomeka chaja kwenye pikipiki hiyo, taa nyekundu ikawaka. Akatueleza habari za miji ambako mashine hizi zinagombewa. Kabla soda yake haijaisha, taa ikageuka kijani. Dada akanitazama kama mtu aliyeshinda.

Nikakumbuka mnada. Ng'ombe wa kuuzwa hulambishwa chumvi alfajiri, kisha hunyweshwa maji mpaka tumbo litune, na mnunuzi mgeni hudhani ni unene. Baba alitufundisha kumtazama ng'ombe mgongoni.

"Betri hii imekuja imeshiba," nikasema. "Tuchaji iliyokwisha."

"Mzee, chaja ni ileile."

"Basi haitaona tofauti."

Nilichukua ufunguo, nikaizungusha pikipiki mpaka ikaanza kujikokota. Kipande cha mwisho niliisukuma. Jioni tulipochomeka tena, chaja ilipata moto hadi kiganja hakikai juu yake. Taa ikazimika. Ikawaka. Ikazimika.

"Umeme wenu mdogo," muuzaji akasema. "Inajilinda."

Nilipima umeme wa duka kwa mita yangu. Ulikuwa wa kutosha.

"Hiyo mita yako ya zamani, mzee."

Inawezekana. Hata chaja nzuri hujizima ikizidiwa na joto, kwa hiyo sikuwa na hakika. Nikamwomba aiache mpaka kesho, kama maksai wanavyolimishwa asubuhi moja kabla ya kununuliwa.

"Hii si ng'ombe."

"Tunailipia kwa ng'ombe."

Alikunja waya, akaondoka. Dada alifunga duka bila kuniaga.

Mvua zikaja, maksai wakalima. Chaja ileile ikanunuliwa na jirani wa dada, duka la tatu kutoka lake, na dada akanipigia simu: inafanya kazi, pikipiki zinapanga foleni, niende nikaone mwenyewe nilichomkosesha.

Nilikwenda. Kweli ilikuwa ikichaji, taa nyekundu imetulia. Nilitafuta kasoro, sikuiona. Kisha nikasikia mvumo. Nyuma ya chaja, juu ya kreti la soda, feni kubwa ilikuwa ikiipulizia.

Dada naye aliiona. Akamgeukia jirani.

"Na feni, nayo iko kwenye bei?"

"Ya chumbani kwetu hiyo," jirani akasema. "Bila hiyo inazimikazimika. Mama watoto analalamika joto."

"Atakuwa na haki," dada akasema.

Dada hakunitazama. Alisema maksai hawajanywa maji tangu asubuhi, akaenda kuwafungua.