Yai Lililoelea

Jana jioni mama mdogo alinicheka jikoni mpaka akashika ubavu. Alikuwa amenituma dukani nikanunue mayai ya kupikia mkate wa mayai. Niliporudi, kabla sijamkabidhi, nikachukua bakuli la bibi, lile la bati lenye maua yaliyochubuka, nikatia maji, nikayalaza mayai humo moja moja. Yote yakazama, yakalala chini kama mawe ya ufukweni.

"Wewe mtoto una nini?" akasema. "Hayo ya trei, ya kuku wa kizungu. Yatoka mjini hayo. Yai viza litoke wapi?"

Nikacheka naye, maana hata mimi sikujua kwamba mkono wangu bado unakumbuka. Nipo Kigombe kwa likizo, nyumba ni ileile ya bibi, jiko ni lilelile, ila bibi hayupo. Usiku sikupata usingizi haraka. Nilikuwa nawaza darasa la sita, na yai moja, na ndoo ya bluu ya shule.

Nianze na mwalimu wetu wa zamani wa sayansi. Tulimwita Mwalimu wa Kanuni, mgongoni kwake lakini, mbele yake ni shikamoo na mikono nyuma. Akiingia darasani hakusema neno, aliandika kanuni ubaoni kwa mwandiko wa kulala, mzuri kama wa kadi ya harusi, kisha akageuka na fimbo yake ya kuonyeshea. "Kanuni kwanza, maneno baadaye," ndiyo ilikuwa kauli yake. Sisi tukaimba: kitu huelea kwenye kimiminika chenye densiti kubwa kuliko yake. Tukaimba tena. Halafu mifano miwili, halafu zoezi, halafu kengele.

Sikufichi, nilimpenda. Mimi ni mtu wa aibu, nilizaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni. Katika kuimba kwa darasa zima sauti yangu ilipata pa kujificha. Hakuna aliyeniuliza mimi peke yangu naonaje. Jibu lilikuwa limeshaandikwa pale juu, kazi yangu ni kulinakili tu, na nilikuwa na mwandiko safi. Densiti ni kitu gani sikujua, lakini mitihani nilifaulu.

Kisha akaletwa mwalimu mgeni, msichana wa milimani, Ushambaani, hata kuogelea hajui. Siku ya kwanza tulimcheka alipotaja maji ya bahari kwa woga, kama mtu anayemtaja chui. Yeye ubao aliuacha mtupu. Alikuja na vitu: kokoto, kizibo, kifuu cha nazi, kipande cha sabuni. Aliviweka mezani, akavitia majini kimoja kimoja, akauliza, "Mnaona nini?" Basi. Ukisema unachoona, anauliza tena, "Na hiki je? Kinafanana na kile?" Kanuni ilikuja mwisho kabisa, ikitoka vinywani mwetu, vipande vipande, wakati mwingine baada ya siku mbili tatu.

Wenzangu walifurahi. Mimi kila kipindi chake niliinamisha kichwa juu ya daftari. Kwake hapakuwa na pa kujificha.

Wazazi nao walianza kunung'unika. Watoto wanachezea ndoo, mtihani wa taifa uko mbele, mada haziishi. Mwenzangu wa dawati, ambaye baba yake alikuwa kwenye kamati ya shule, alituletea habari nzima. Mwalimu mkuu angekuja kusimama mlangoni asikilize somo moja, pamoja na Mwalimu wa Kanuni. Likivurugika, darasa linarudi kwa mzee huyo.

Kwa somo hilo mwalimu mgeni alituomba kila mmoja alete yai. Alitaka tuone kwamba yai huzama kwenye maji ya kisima na huelea kwenye maji ya chumvi, akaahidi kwamba mayai yatarudi nyumbani mazima.

Nikamwambia bibi, naye alikuwa anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Yai? Likachezewe?"

"Litarudi, bibi."

"Na kuku wangu anataga kwa ajili ya mchezo?" Akainuka kwenye mbuzi huku akisonya, akaenda nyuma ya mlango, kwenye kapu ambamo kuku wake alikuwa ameangua majuzi. Vifaranga walishatoka, yakabaki mayai yaliyogoma. Akaokota moja, akalitikisa sikioni, akanitilia kiganjani. "Twaa. Yai la mchezo ndilo hili."

Nililijua ni viza. Kila siku nilimwona akipima mayai kwenye lile bakuli la bati kabla ya kuyauza au kuyapika. Likizama zima, likielea bovu. "Maji hayasemi uwongo," alikuwa akisema. Lakini nani angebishana naye?

Siku ya somo mwalimu mkuu akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, na mzee pembeni yake. Ndoo ya bluu ilijaa maji ya kisima, na kando yake sakafuni kulikuwa na mfuko wa chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi. Mayai yakatiwa. La kwanza likazama. La pili likazama. "Mnaona nini?" "Linazama, mwalimuuu!" Mpaka likafika langu.

Likaelea. Likatoa kipara chake juu ya maji, likawa linatikisika taratibu kama linatusalimia.

"La mchawi hilo!" mtu akapiga kelele nyuma, na darasa likapasuka kwa kicheko. Mwingine akasema, "Mwalimu, kumbe yanaelea hata bila chumvi!" Na hapo somo lote likayumba. Nilimsikia Mwalimu wa Kanuni akimwambia mwalimu mkuu, kwa upole, lakini wote tukasikia, "Ndiyo shida ya kuanza na mifano. Mfano mmoja ukikugeuka, huna pa kushika."

Mwalimu mgeni hakuficha yai langu. Alilitazama, kisha akanitazama mimi. Mkono wake ulikuwa unadondosha maji. "Wewe," akasema, taratibu, "unaona nini?"

Msomaji wangu, sijui kama umewahi kubanwa hivyo. Nikinyamaza, mwalimu yule anaondoka na ndoo yake. Nikisema, nimemtangaza bibi yangu kijiji kizima kwamba alipeleka yai bovu shuleni. Nikasimama, nikashika ukingo wa dawati.

"Ni viza, mwalimu. Bibi hupima hivi. Zima huzama, bovu huelea."

"Kwa nini?"

"Sijui... Limepungua. Ndani pana upepo."

"Kwa hiyo ni chumvi peke yake inayofanya yai lielee?"

"Hapanaaa!" darasa likaitika. "Na yai lenyewe! Uzito wake!" Akamimina chumvi, akakoroga kwa kijiti, na yale yaliyolala chini yakaanza kupanda, moja baada ya jingine, tukawa tunayapigia makofi kama ngalawa za mashindano.

Mwenzangu wa dawati alitaka uhakika. Akalinyakua langu, akaligonga dirishani. Lo! Tulitoka nje mbio, wengine kwa mlango na wengine kwa dirisha, mwalimu mkuu mbele, kofia puani. Na kule uwanjani, leso mdomoni, Mwalimu wa Kanuni akaitamka kanuni yake ileile, neno kwa neno. Nikaielewa kwa mara ya kwanza.

Mwalimu mgeni aliachiwa darasa.

Habari zilimfikia bibi kabla yangu. "Umenitangaza, siyo?" Nikatazama miguu yangu. Akaingia ndani, akarudi na yai mkononi. "Haya. Kesho mpelekee mwalimu hili zima. Asije akaenda kwao akasema pwani hatuna mayai."

Mwisho wa mwaka mwalimu mgeni alihamishwa, akarudi milimani. Mzee alistaafu, akaenda kwao Mkwaja. Kuku wa bibi waliishia kwenye pilau ya arobaini yake. Sasa niko kidato cha tatu, mwalimu anaanza na kanuni, kwa Kiingereza, na simlaumu, kitabu ni kinene. Nanakili vizuri. Bila mzee yule nisingejua kuandika jibu. Bila yule wa ndoo nisingejua ninaandika nini. Lakini tangu nifike sekondari sijanyoosha mkono hata mara moja.

Jana, mama mdogo alipokwisha kucheka, nilibaki nimeinamia bakuli. "Yamezama yote," nikasema kwa sauti. "Yote mazima."

Akageuka, mwiko mkononi. "Wazungumza na nani?"

"Najibu swali."

"Swali gani? Nani kakuuliza?"

Ni kweli. Hakuna aliyeniuliza naona nini.