Gogo la Thelathini na Mbili

Kazini, kwenye ukaguzi wa mpakani, walimwita Mzee Gome, kwa kuwa miaka ishirini na sita alikuwa akibandua magome ya magogo yanayoingia kutoka nje, akitafuta bungua, wale wadudu wanaotoboa miti. Madereva walimtania kwamba hata mkewe alimkagua kabla ya kumposa. Alicheka nao, lakini cheti cha afya ya mimea kikipungua neno moja, mzigo hauondoki.

Asubuhi hiyo cheti kilisema magogo thelathini na moja, yamefukizwa dawa. Alihesabu thelathini na mawili.

"Hilo la juu ni lako, mzee," dereva akasema, akivua kofia. "Wenzake marehemu wamekuletea. Ndilo la mwisho alilokata. Wamesema mkachongeshe japo kitanda, maana kaburi liko mbali."

Miezi minne ilikuwa imepita tangu mwanawe wa pekee aangukiwe na mti kwenye msitu wa nchi ya watu. Kwenye gome palikuwa na mikato mitatu ya shoka, alama yake. Gogo halikufukizwa. Vijana wa watu hawakujua. Walilipandisha kwa mapenzi, cheti kimeshaandikwa.

"Ongeza moja tu kwenye fomu," dereva akanong'ona. "Nani atahesabu?"

"Anayehesabu ni mimi, mwanangu."

Akabandua gome kwa patasi, akamulika. Hakuna tundu, hakuna unga wa mti uliotafunwa. Angemwona bungua hata mmoja, moyo ungepoa kidogo. Lakini mayai hayaonekani kwa macho, na mwaka jana alimchomea mjane mmoja magogo safi kama hili, naye akiwa amempigia magoti.

Akaandika: lichomwe. Kisha akampigia simu mkewe, akamweleza yote.

Mama wa watu akaja, hakumlaumu. "Baba, niache nilishike tu."

Akalilalia lile gogo kifudifudi, akapapasa mikato mitatu, akamwomba Mungu kimyakimya. Alipoinuka, vumbi la gome lilikuwa limemganda kifuani. Nalo haliruhusiwi kutoka getini.

"Simama hapo, mama," mumewe akasema.

Akachukua brashi, akamkung'uta taratibu, kifua, mikono, hadi pindo la gauni, naye akimwinulia mikono kama mtoto anayevuliwa nguo. Vumbi lote akalizoa, akalitia kwenye tanuri pamoja na gogo.