Cheti cha Josefu na Chakula cha Shangazi

Kilichoniondoa Dar es Salaam ni karatasi. Krismasi iliyopita mama alinionyesha cheti cha hospitali cha mdogo wangu Josefu, aliyefariki akiwa na miaka saba. Alikihifadhi ndani ya Biblia miaka yote hiyo. Mimi ni mtafiti wa saratani ya damu. Kila siku naangalia kwenye hadubini chembe nyeupe, zile zinazotulinda na maradhi, zikizaliana ovyo zikiwa changa, hazina uwezo hata wa kupambana na mafua. Niliposoma hesabu ya chembe hizo kwenye kile cheti, nilielewa papo hapo. Ugonjwa uliomuua Josefu ndio huu huu ninaolipwa mshahara kuuchunguza.

Lakini nyumbani tulikuwa na jibu letu. Shangazi Anastazia, dada wa marehemu baba, alimpa Josefu uji asubuhi, na jioni mtoto akatokwa damu puani isiyokatika. Ukoo ukasema kamroga. Shangazi akahamia Kibondo, na tangu hapo hakuna wa kwetu aliyekula chakula chake. Nikaomba likizo nikamwambie kwamba hana hatia.

Kasulu nilifika saa tatu asubuhi, nikachukua bodaboda hadi kwetu Heru Juu. Jamani, ile baridi! Na moshi wa kuni uliotulia juu ya mihogo, kama enzi zile mimi na Josefu tukigombania kuota moto karibu na mama. Nilitamani nimsikie hata akinitukana.

Mama nilikuwa nimeshamweleza yote tangu Krismasi. Alinisindikiza hadi barabarani nikapande basi la Kibondo kwa shangazi.

"Msalimie," akasema. Kisha akanishika mkono. "Ila usile kitu."

"Mama, si nilikwambia ni damu yenyewe iliyoharibika?"

"Nimekusikia. Usile."

Njia ya Kibondo siku hizi ni lami. Zamani mabasi yalisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi, na vumbi lilitufanya wote tufanane. Mwenzangu wa kiti cha jirani alisinzia tangu Makere. Mimi nilikuwa narudia maneno yangu kimoyomoyo, nikiyapanga kama natetea shahada.

Kibondo, saa nane mchana. Muuza duka mmoja jirani na msikiti alinielekeza. Shangazi amezeeka, lakini kicheko ni kile kile. Tulisalimiana Kiha chetu, mimi nimepiga magoti, tunapigiana makofi taratibu, salamu za mwidiwe nyingi, akiulizia mama, shamba, hadi mbuzi waliokwishakufa zamani. Mtu wa mjini angechoka. Mimi nilitamani zisiishe, maana baada ya salamu ilikuwa zamu yangu.

Nikamweleza. Chembe, uboho wa ndani ya mifupa zinakozaliwa, cheti.

"Kwa hiyo vipimo vyenu vimesema si mimi."

"Si wewe, shangazi. Hapakuwa na mkono wa mtu. Tusamehe."

"Mimi nilijua tangu siku ile," akasema, akaingia jikoni.

Akarudi na ugali wa muhogo na maharage, akaninawisha. Kwetu mwenye chakula huonja kwanza, mgeni aone kwamba ni salama. Nikamsubiri. Shangazi akakaa, mikono akaiweka mapajani.

"Miaka yote hii nimeonja mbele ya kila mtu," akasema. "Hata kwa watoto wa jirani. Leo sionji."

Mkono wangu ulibaki pale pale gotini. Mimi, msomi, niliyetoka kumhubiria habari za uboho! Haikufika hata dakika, lakini aliona, nami nilijua ameona. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nikamega tonge, nikala, machozi yakidondokea ndani ya sahani ya watu. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akaniongezea.

Nilipoaga alijaza maharage kwenye kopo lenye kifuniko. "Mpelekee wifi yangu. Akikataa, awape kuku."

Heru Juu nilirudi jua likikaribia kuzama. Nililiweka kopo mbele ya mama, nikamwambia limetoka kwa nani. Nilikuwa na hamu ya kuonja kwanza ili nimtoe hofu, nikajizuia. Nilichojifunza Kibondo ni hicho: kumwambia mtu hana hatia ni maneno tu, kazi iko kwenye kula chake bila kuonjewa. Na hiyo kazi siwezi kumfanyia mama.

Mama alilivuta kopo karibu. Akafungua, akachota kwa kijiko, akatafuna polepole macho yakiwa mlangoni.

"Wifi huyu," akasema, "chumvi bado inamshinda." Akachota tena.