Jino Juu ya Bati

Kazi yangu ilikuwa kuuliza na kunyamaza, na kunyamaza sikuumbiwa. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba katika kata ya Lumemo kupima watu wanajua nini kuhusu meno yanayoumia kwa ajali: likivunjika ufanyeje, liking'oka ufanyeje. Msimamizi wetu alitukataza kabisa kumsahihisha mtu. Ukishamfundisha, alisema, utakuwa umepima ulichomfundisha, si anachokijua. Ni kweli, lakini jaribu kukaa na jibu mdomoni kutwa nzima kwenye jua la Ifakara.

Asubuhi moja nilikuwa uani kwa mama mmoja aliyekuwa akipeta mchele pamoja na mama mkwe wake. Nikauliza: mtoto akianguka, jino la mbele likang'oka zima, mtafanya nini?

Bibi akawahi kujibu. "Anasukutua kwa maji ya chumvi, jino tunalirusha juu ya bati. Litaota lingine."

Mama akaitikia. Nikaandika, ulimi ukiniwasha.

Sijauliza swali jingine, binti wa nyumba ile, wa darasa la tatu, akaingia analia, damu kidevuni. Mkono wa pampu ya maji ulikuwa umemchapa mdomoni. Jino alikuwa nalo kiganjani. Bibi akalichukua, na kabla sijainuka likawa limeshatua juu ya bati.

"Bibi, hilo haliwezi kuota tena!" nilipiga kelele. "Hilo ni la ukubwani!"

Bibi akanigeukia. "Kwa hiyo ulikuwa unajua, ukakaa unaandika tu?"

Nilimwomba mama akimbilie maziwa kwa jirani Msukuma mwenye ng'ombe, nikapindua kinu, nikapanda. Bati lilikuwa la moto. Jino lilikuwa limenasa kwenye mkunjo. Nikalishika upande wa kung'atia, nisiguse mzizi, nikashuka nalo na kulitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa. Bodaboda akatupakia mshikaki, mama, mtoto na mimi, hadi hospitali. Daktari wa meno akalisuuza, akalirudisha mahali pake na kulifunga kwa waya kwenye meno ya pembeni yake.

"Tusubiri," alisema. Niliichukia sana hiyo tusubiri.

Msimamizi aliiondoa kaya ile kwenye hesabu, nikakubali. Wiki iliyofuata, mtaa uleule, watu wakawa wananijibu kabla sijamaliza swali: maziwa, usishike mzizi, wahi hospitali. Msimamizi akanijia juu, eti nimefundisha mtaa mzima. Wala! Bibi ndiye aliyekuwa akipita kila nyumba, akianza na jinsi alivyolirusha jino la mjukuu wake, bila kujionea aibu hata kidogo. Ikabidi tuhamishie kazi mtaa mwingine. Msimamizi alinuna, mimi nilifurahi waziwazi.

Siku ya kutoa waya bibi alikataa kubaki nyumbani, nami niliwasindikiza. Daktari akakata waya, akaligonga jino, akalisukuma kidogo. Halikucheza. Alisema bado atakuwa anamwangalia mara kwa mara, ila mpaka hapo limeshika.

Bibi hakutosheka. Alinawa mikono, akaomba ajaribu mwenyewe. Akalisukuma kwa kidole, kwanza taratibu, kisha akakaza, halafu akakaza tena, mpaka mjukuu akachoka, akamng'ata.

"Limeniuma!" bibi alipiga kelele, akicheka na kulia. "Jamani, limeniuma!"