Ufa Chini ya Rangi

Juzi, nje ya kituo cha metro, niliona baiskeli ya aluminiamu isiyo na rangi, inang'aa kama sufuria jipya. Nikaisikia tena ile harufu kali ya dawa ya kubandulia rangi kwenye roshani ya nyumba yetu ya utotoni, mtaa wa Karama, ughaibuni.

Baba alikuwa mlinzi wa jengo, na alipewa baiskeli kuukuu ya aluminiamu na mpangaji aliyekuwa akihama. "Rangi ikitoka tusikute ufa, baiskeli ni yako, mama," aliniambia. Yeye alikwangua, mimi nikasugua kwa waya wa kusugulia masufuria.

Chini ya kiti nikaona mstari mwembamba kama unywele. Masufuria ya Mama nayo yalikuwa na mikwaruzo, na ukisugua sana ilikwisha. Basi nikasugua mpaka vidole vikauma. Mstari ukazidi kuonekana. Nikaufunika kwa kidole gumba.

"Vipi huko, fundi wangu? Safi?"

"Safi, Baba."

"Yalla, haya! Basi kesho nitaipanda mimi kwanza. Kama ni kuanguka, bora nianguke mimi."

Alicheka. Leo najua aluminiamu hukatika ghafla. Siku ile nilijua tu kwamba nimemdanganya, na kesho angepanda. Nikatoa kidole.

Baba akainama, akapitisha ukucha juu ya mstari. Ukucha ukakwama.

"Khalas, imekwisha," akasema polepole. Kisha akanishika mkono mchafu, akaufuta kwa shati lake la kazi, lile ambalo Mama alikuwa ametoka kulipiga pasi.