Jina la Koplo Njuguna katika Historia ya Brigedi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka hadi nisahau jina langu, nadhani hiyo itabaki. Ilinikuta mtaa wa Shauri Moyo, hapa Nairobi, nimekaa kwenye kiti cha mbao ndani ya nyumba ya chumba kimoja, kikombe cha chai mkononi, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nimekusudia kukusimulia habari yake tangu uliponiambia kwamba kazini kwenu mnajaza habari za watu kwenye kompyuta, na kwamba ukifika mahali usipojua cha kujaza, unachagua chochote tu ili ukurasa usonge mbele. Ulicheka uliposema hivyo. Mimi nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwa analeta chakula, na mbele ya chakula cha mama yako mimi sibishani na mtu.

Nilikuwa karani wa jeshi. Najua huwa unawaambia wenzako huko Tassia kwamba mzee wako alibeba bunduki. Niliibeba, ndiyo, lakini kitu nilichokibeba zaidi ni taipureta. Ilikuwa miaka ya sabini inaelekea mwisho. Brigedi yetu ya askari wa miguu ililinda mpaka kule kaskazini, mahali ambapo nchi mbili hazikukubaliana mstari unapita wapi. Kwenye ramani mstari ulikuwa umenyooka vizuri. Ardhini palikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, yamewekwa mbalimbali, na kati ya jiwe na jiwe kila upande ulisema lake. Amri ya vituo vyote ilikuwa moja: askari asivuke jiwe, hata kama ni kufuata kofia iliyopeperushwa na upepo.

Mara moja kwa mwaka, familia za askari zilialikwa kambini hapa Nairobi, na historia ya brigedi ikasomwa hadharani. Ilisomwa tangu mwanzo, tangu zile kombania mbili za kwanza zilizolala kwenye mahema na kuzungusha miiba badala ya ukuta, mpaka kituo cha mwisho kufunguliwa. Kisha yalisomwa majina. Jina la aliyefariki likitajwa, watu wa kombania yake waliitikia kwa pamoja, “Yuko!” Jina la aliyejeruhiwa, vivyo hivyo. Jina la aliyetoroka jeshi lilisomwa pia, lakini hapo hakuna aliyefungua mdomo. Kimya kile, mwanangu, kilikuwa kibaya kuliko matusi. Nilimwona mzee mmoja akiondoka uwanjani kabla ya chakula kwa sababu ya kimya hicho.

Mwaka huo kamanda aliniagiza mimi niiandike historia upya, na siku yenyewe niisome. Nilivimba kichwa, sitakuficha. Nilipiga pasi sare yangu mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Daftari la zamani lilikuwa na safu tatu: waliofariki, waliojeruhiwa, waliotoroka. Nikawa napanga majina kutoka kwenye mafaili, nikifurahia jinsi ukurasa unavyopendeza. Ndipo nikafika kwa Koplo Njuguna. Faili lake lilisema tu kwamba miaka miwili nyuma, asubuhi moja, hakuonekana kituoni, na hajulikani aliko. Hakufariki, kwa kuwa mwili haukuonekana. Hakujeruhiwa. Sikuwa na safu ya nne. Nikalipiga taipu jina lake kwenye safu ya tatu, nikaongeza na sentensi ya kupamba: “Koplo Njuguna alitoroka kituo.” Haikunichukua hata dakika moja.

Palikuwa na Sajini Musyoka, mtu wa kwetu Ukambani, mrefu, mpole wa sauti, aliyebakiza miezi michache astaafu. Alikuwa amehudumu katika kile kituo cha Njuguna. Alikuja ofisini kwangu Ijumaa, akazisoma kurasa akiwa amesimama. Akafika kwenye ule mstari. Akausoma mara mbili, nikaona midomo yake inatembea.

“Nani alikuambia alitoroka?”

“Hakuna aliyeniambia, afande. Hakuna safu nyingine.”

Nilingoja anifokee. Hakufoka. Alizikunja zile kurasa akanirudishia. “Jumapili baada ya kanisa tutaenda Shauri Moyo kwa mke wake. Beba hii karatasi. Utamsomea mwenyewe.”

Mke wa Njuguna aliitwa Mama Njeri. Alikuwa fundi wa cherehani soko la Gikomba, na nyumba yake ya kanisili, yaani ya baraza la jiji, ilikuwa imepangwa vizuri hadi nikaona haya kukanyaga sakafu. Alitukaribisha kwa furaha ya mtu aliyengoja habari kwa muda mrefu. Binti yake wa miaka sita alitumwa kucheza nje. Chai ikamiminwa. Sajini akanitambulisha: huyu ndiye karani anayeandika historia ya brigedi.

“Wewe ndiwe unaandika?” Mama Njeri akakaa mbele yangu. “Basi niambie, kijana, umeandika nini juu ya Baba Njeri? Mimi nimealikwa. Nimeshona hata nguo ya mtoto.”

Nilimtazama Sajini anisaidie. Alikuwa anapuliza chai yake. Nikaikunjua karatasi, nikasoma, sauti yangu ikawa nyembamba kama ya mtoto wa Sunday school. Nilipofika mwisho, nje nilisikia watu wanaongojea zamu kwenye mfereji wa maji wakicheka.

“Wewe ulimjua?” akaniuliza.

“Hapana, mama.”

“Kuna mtu alimwona akitoroka?”

“Hapana, mama.”

“Baba Njeri,” akasema, “hakuweza kutoroka hata kanisani, pasta akihubiri masaa matatu. Mimi natoka, yeye anabaki.” Alijaribu kucheka, ikashindikana. “Unajua huku plotini majirani wananiuliza nini? Wananiuliza kama ameoa huko. Miaka miwili nawaambia yuko kazini. Sasa utasimama mbele ya watu wote, na mtoto wangu amevaa nguo mpya, useme hivyo?”

Nililia, mwanangu, na sare yangu yote ile.

Hapo Sajini Musyoka akaweka kikombe chini. “Mama Njeri, kijana amesema lake. Mimi nina langu, na langu ni kubwa kuliko lake.” Akavua kofia. Akaeleza jinsi lori la maji lilivyoharibika njiani, kituo kikakaa siku tatu bila maji na watu wakaanza kuzirai. Kisima cha karibu kilikuwa ng’ambo ya jiwe. Hakuna ofisa aliyeweza kutoa amri ya kukiendea. “Mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Sikumwamuru, lakini nilimwonyesha, na nilijua atakwenda. Alibeba mitungi miwili. Baadaye tulikuta mtungi mmoja upande wetu wa jiwe, umejaa. Alikuwa ameuleta, akaurudia wa pili. Hakuonekana tena.” Akaigeuza kofia mikononi. “Yale maji tuliyanywa. Watu kumi na tisa. Mimi nilikunywa. Kisha tukaandika kwamba hakuonekana, tukaishia hapo, kwa sababu niliogopa kuulizwa nani alimpeleka ng’ambo.”

Mama Njeri alijifunika uso kwa leso kwa muda mrefu. Nilidhani atatufukuza, na angekuwa na haki. Alipojifunua alimwuliza swali moja tu: “Maji yaliwatosha?”

“Yalitufikisha hadi lori lilipokuja.”

“Haya,” akasema. Akainua birika, akatuongeza chai. “Kunyweni, ikipoa haina maana. Na wewe kijana, uende ukaandike hivyo.”

Kuandika hivyo hakukuwa kazi rahisi. Jumatatu tulisimama mbele ya kamanda, Sajini na mimi. Sajini alikuwa ameandika maelezo yake kwa mkono na kutia sahihi, na alijua yanaweza kumharibia kustaafu kwake. Nilimsihi njiani angoje miezi ile iishe. Akaniambia amekwisha kungoja miaka miwili na hakuna siku iliyokuwa nyepesi. Kamanda alisoma, akakasirika, akatembea ofisini kwenda na kurudi. Alisema hatuwezi kusimama mbele ya watu tukatangaza kwamba askari wetu alivuka jiwe, wakati hilo jiwe lenyewe ndilo linalogombaniwa. Nikaogopa kwamba jina litarudi kwenye safu ya tatu. Sijui ujasiri niliutoa wapi, maana karani haongei kabla ya kuulizwa. Nikamwambia, “Afande, tuseme alikwenda kutafuta maji. Tusiseme upande gani. Lakini kutoroka hakutoroka.”

Kamanda aliacha kutembea. Akachukua kalamu yangu, akachora kwa mkono wake safu ya nne kwenye daftari. Sajini alipewa karipio la maandishi, akastaafu nalo. Alisema hiyo ndiyo karatasi pekee ya jeshi aliyowahi kuipokea akalala usingizi mzuri.

Siku ya kusoma ilipofika, Sajini akiwa ameshastaafu, nilisimama uwanjani karatasi mkononi. Mama Njeri alikuwa amekaa mstari wa pili, mtoto mapajani. Nikasoma: “Koplo Njuguna. Alitoka kituoni kuwatafutia wenzake maji. Aliyaleta. Akarudi kuongeza, na hajaonekana.” Kwa sekunde moja hapakuwa na sauti, kama kwa waliotoroka, kwa kuwa kombania yake haikuwa imeambiwa lolote kabla. Kisha wale kumi na wanane waliobaki wa kituo kile, na Sajini Musyoka akiwa wa kumi na tisa na nguo zake za kiraia, wakaitikia. “Yuko!” Waliitikia kwa nguvu hadi mtoto akashtuka. Mama Njeri alisimama wima, hakulia, akawatazama mmoja mmoja waliokunywa yale maji.

Nashukuru, mwanangu. Nashukuru Sajini hakunifokea siku ile ya Ijumaa, kwa maana kufokewa ningesahau. Nashukuru alinipeleka mahali ambapo neno langu lingeenda kukaa, akaniacha nilione likifika. Namshukuru yule mama aliyenimiminia chai ya pili nikiwa nimemkosea kiasi kile. Kila kazi niliyoifanya baadaye kwa usafi, niliifanya kwa sababu yao.

Basi hili ndilo neno langu kwako. Kabla hujaandika jambo juu ya mtu, liwe la kazini au la kwenye simu, jiulize kama unaweza kuketi nyumbani kwake ukamsomea mke wake na watoto wake wakisikia. Kama huwezi, inua vidole, usiandike. Mahali usipojua, andika kwamba hujui. Hakuna aibu hapo. Na ukikuta fomu haina nafasi ya ukweli wa mtu, usimkate mtu atoshee fomu. Nenda kwa mkubwa wako ukaombe safu nyingine, hata kama sauti inatetemeka. Na kama kuna jambo umelinyamazia wewe mwenyewe, liseme ungali kijana, usilibebe hadi kustaafu.

Mungu akupe mikono isiyomchafulia mtu jina. Akuwekee karibu wakubwa watakaokurekebisha kwa upole, na wanawake watakaokusamehe kabla chai haijapoa. Na siku jina lako litakapotajwa nawe hupo, wawepo watu wa kuitikia bila kuulizana.