Toleo la Zamani la Bi Zaina

Siku yangu ya kwanza kwenye mitambo ya simu hapa Tanga, Mhandisi wa Mkoa alinikabidhi bisibisi na sanduku la swichi zilizokufa, akaniagiza nivunje tatu nipate moja nzima. Nilipouliza vipuri vipya vitafika lini, alisema, "Kijana, hiyo ndiyo bohari yetu." Ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Mafundi tulitunza cha zamani kwa sababu cha kukibadilisha hakikuwapo.

Biashara ilipoachiwa huru, kompyuta zikaanza kuingia, nami nikahamishiwa Dar es Salaam. Huko, baada ya saa za kazi, nilijiunga na watu waliojitolea kusafirisha barua pepe. Kila kituo kilikuwa na seva, yaani kompyuta inayopokea barua za wengine na kuzigawa, pamoja na modemu, kijisanduku cha kuiunganisha na laini ya simu. Mara mbili kwa siku vituo vya mikoani vilitupigia, vikaacha barua zao na kuchukua zilizovisubiri.

Mratibu wetu alinipa orodha ya vituo vilivyoshikilia toleo la zamani la programu. Toleo lile lilikuwa na kasoro: laini ikikatika, barua ndefu zilipotea. Tanga ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Niliwaandikia mara tatu kwa ukali, sikujibiwa, nikapanda basi.

Kituo kilikuwa chumba cha nyuma cha maktaba ndogo, mtaa wa Nguvumali. Mwendeshaji alikuwa Bi Zaina, karani mstaafu wa shamba la mkonge, na hakulipwa chochote. Madaktari walimtegemea kuwafikia mabingwa wa mbali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanimiminia chai. Nikamweleza kwamba programu yake imepitwa na wakati.

"Najua, mwanangu," alisema. "Hiyo mpya ikinigomea, nani ataitengeneza? Wewe utakuwa ushapanda basi."

Nilimhakikishia haitagoma. Nikaiweka juu ya ile ya zamani, ikapiga simu vizuri mara moja, nikaondoka siku hiyohiyo.

Kesho yake ikagoma. Kumbukumbu ya kompyuta ile ilikuwa ndogo mno kwa toleo jipya, maelekezo niliyoacha yalikuwa ya Kiingereza cha mafundi, na sikuwa nimehifadhi nakala ya lile la zamani. Kituo kilinyamaza siku nne mpaka niliporudi. Kati ya barua zilizokwama Dar ilikuwamo ya bingwa wa macho, akimjibu daktari kuhusu mama mmoja mkulima kutoka Mkwaja. Jibu lilipomfikia daktari, jicho moja lilikuwa limeshapotea.

Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Bi Zaina alinisogezea kiti, akasema, "Leo utakaa."

Nilikaa siku tisa. Niliongeza kumbukumbu, nikaazima kompyuta ya pili ili kila kitu tukijaribu huko kwanza. Hatua zote tuliziandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake, pamoja na namna ya kulirudia toleo la zamani. Aliiondoa programu na kuirudisha mwenyewe mara tatu, nami nimetulia tu sigusi kitu. Vituo vilivyobaki nilivifanyia vivyo hivyo, na barua za ukali nikaziacha.

Sasa nimestaafu, naishi hapa Tanga, Ngamiani, na ni mimi ninayeendesha seva ya kujitolea ya mtaa. Nyie vijana mkiona seva ya mtu imepitwa, msimdhanie mvivu. Ana mashine moja, shughuli zake nyingine, na watu wote watakaomgongea mlango ikizimika. Muulizeni anahofia nini, mhifadhieni nakala, kisha mkae naye mpaka azoee.

Mwezi uliopita dada mmoja mhandisi aliniandikia kwamba programu yangu ni ya zamani na ina tundu la kupitia wezi. Nilimjibu kwamba ni kweli, nalijua tangu kabla ya mfungo, na chumba cha mgeni kimeshafagiliwa.